Lori Likinywa Dizeli, Tusikimbilie Kumwita Dereva Mwizi

Huku magharibi ya Uganda, katika mashamba ya chai, kuna kesi moja ambayo hutufikia mara kwa mara. Dereva anaitwa ofisini, daftari la dizeli linafunguliwa mbele yake, kisha anaulizwa: mwezi uliopita lori lako lilikwenda njia hii hii kwa dizeli kiasi hiki, mwezi huu imezidi, iliyozidi umeiuza wapi? Dereva anakosa la kusema, maana ni kweli dizeli imekwisha, na ni kweli pia kwamba yeye hakuiuza. Mwisho wake anakatwa mshahara, au anaambiwa aweke funguo mezani.

Hatusemi kwamba hakuna madereva wanaofyonza dizeli. Wapo, tunawajua, na chama hakikuundwa ili kuwafichia mpira wa kufyonzea. Lakini katika shamba moja, ambalo hatutalitaja jina, dizeli ilikuwa ikiibwa na mpira wa namna nyingine kabisa. Ulikuwa mpira wa hewa ya turbo, uliopasuka upande wa chini mahali ambapo jicho halifiki. Tunaeleza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu wawakilishi wengi wa wafanyakazi huingia kwenye vikao vya namna hii bila kujua hata turbo ni kitu gani.

Turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini kwenda ekzosi huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa safi kutoka kwenye chujio na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, dizeli huungua vizuri na injini hupata nguvu. Aliyebuni jambo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelipatia hati mwaka 1905. Feni hizo huzunguka kwa kasi ya kutisha, katika malori mengi karibu mara 100,000 kwa dakika. Kwa sisi wa milimani turbo si anasa. Fort Portal iko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia kumi.

Sasa, hewa iliyoshindiliwa hupata moto, tena mara nyingi hupita nyuzi 100. Kwa hiyo malori mengi huipitisha kwanza kwenye kipoza hewa, kile kinachofanana na rejeta na kukaa mbele yake, ndipo iingie kwenye injini. Kutoka turbo hadi kwenye kipoza hewa, na kutoka hapo hadi kwenye injini, yapo mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa mipira na klipu. Mipira hiyo hupata joto, hupata mafuta, hutikiswa kutwa nzima kwenye barabara za mashimo. Siku moja mmoja wao huchoka.

Lori tunalolisema lilikuwa likibeba majani ya chai kutoka vituo vya kupimia hadi kiwandani. Dereva alikuwa amekwisha lalamika kwamba halina nguvu mlimani, linatoa moshi mweusi, na akikanyaga mafuta anasikia mluzi. Fundi wa karakana alifungua boneti, akaliwasha, akasikiliza, akasema halina kitu. Alisema kweli kwa alichokiona. Injini ikinguruma bila mzigo turbo hailetei shinikizo la maana, na ufa wa mpira hukaa umefumba kama mdomo wa mtu aliyenyamaza. Hufunguka pale tu lori linapopanda na tani zake mgongoni. Kwenye mlima huo huo dereva hushuka gia, hukanyaga hadi mwisho, dizeli inaingia na hewa haitoshi, nayo hutoka nyeusi kwenye ekzosi bila kufanya kazi.

Wanaoumia si dereva peke yake. Lori likichelewa, majani huanza kupata joto ndani ya magunia na kuharibika, na wachumaji wanaolipwa kwa kilo wanangoja kwenye mzani mpaka giza linaingia. Huo moshi nao ni wao wanaouvuta.

Dereva alikuja chamani na barua yake ya kuitwa. Tuliomba jambo moja tu: kabla ya kikao, lori lipimwe na fundi mwingine, na sisi tuwepo. Tunaeleza alivyofanya, maana haikuhitaji mitambo mikubwa.

Kwanza alingoja injini ipoe. Turbo inayotoka kazini huchoma nyama hadi mfupa, na tena mtu asipeleke mkono wala kitambaa kwenye mdomo wa turbo injini ikiwa inakwenda. Kisha akapitisha tochi na kioo kidogo cha kunyolea chini ya kila mpira. Alikuwa akitafuta alama ya mafuta. Hewa ya turbo hubeba ukungu kidogo wa mafuta, na inapovuja hutema weusi unaoshika vumbi. Aliiona alama hiyo chini ya mpira wa kutokea kwenye kipoza hewa. Dereva akataka mpira utolewe mara moja, lakini fundi akamjibu: “Ngoja ndugu yangu, alama si ushahidi, huenda yametiririka kutoka juu.”

Basi akachukua kizibo cha bomba la plastiki, akakitoboa na kukipachika vali ya tairi, akakifunga kwa klipu pale bomba la chujio linapoingia kwenye turbo. Injini ikiwa imezimwa, akaingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo, akaishia kwenye bar 1, yaani karibu paundi 15 kwenye geji ya tairi. Hapa pana hatari. Tangi la kompresa huwa na bar 8 au zaidi, na ukiufungulia wote kizibo huruka kama risasi, kwa hiyo hakuna mtu kusimama mbele yake. Pia shinikizo halitakaa, kwa sababu baadhi ya vali za silinda huwa wazi na upepo hupotelea ndani ya injini. Kinachotafutwa ni pale unapotokea nje. Akapaka povu la sabuni ya kufulia kwenye kila kiungo, na pale penye alama povu likavimba na kupasuka, likavimba na kupasuka. Ulipotolewa na kukunjwa kwa mikono, mpira ulifungua ufa wa urefu wa kidole.

Yako mambo mawili ambayo fundi alituambia tuyaandike. Katika malori mengi ya zamani kuna kijibomba chembamba kinachopeleka shinikizo la turbo kwenye pampu ya dizeli. Kikipasuka hicho, lori hukosa nguvu bila moshi mweusi, na watu hubadilisha nozeli bure. La pili ni uvujaji ulio kabla ya turbo, upande wa chujio. Huo hautemi kitu, huvuta vumbi, na vumbi letu jekundu hula feni na silinda mpaka injini nzima inakufa.

Kikao kilifanyika mpira ukiwa juu ya meza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu na kumsikiliza, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kuhusu makato, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaruhusu tu yale yenye masharti ndani ya sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Daftari la dizeli si mojawapo ya hayo. Barua ilifutwa. Pesa zilizokwisha katwa zilirudishwa kwa mafungu mawili, baada ya sisi kukumbusha mara tatu.

Mpira mpya ulifungwa baada ya ncha za mabomba kufutwa mafuta, maana mpira wenye mafuta huchomoka hata klipu ikikazwa. Uongozi ulitaka kuweka mpira wa rejeta kwa kuwa ulikuwepo stoo. Fundi alikataa, kwa sababu huo huvimba na kulainika ukipata mafuta. Utepe wa tyubu ya tairi nao ni wa kukufikisha nyumbani tu. Klipu zilikazwa tena baada ya siku ya kwanza ya kazi, na tangu wiki hiyo dereva huandika malalamiko ya lori kwenye daftari lake mwenyewe, kwa tarehe, na msimamizi wa karakana hutia sahihi.