Mwana wa mfalme aliyepelekwa kwa adui: kwa nini vijana wetu wanakisoma kisa hiki?

Juzi mpwa wangu, binti wa miaka 19, alikuwa amejikunyata ukumbini na simu yake. Nilipoingia akaigeuza upesi. Nikamuuliza asoma nini. "Hutakipenda, mjomba," akanijibu.

Kitabu chenyewe ni Captive Prince cha C. S. Pacat, mwandishi wa Australia. Ni mapenzi baina ya wanaume wawili waliotoka pande mbili za vita. Msimamo wa dini yetu juu ya jambo hilo unajulikana, na mpwa wangu aujua pia. Lakini sikutaka kukemea nisichokisoma. Nikakisoma, na leo naeleza nilichokiona.

Kwanza, kilikotoka. Kisa kilianza kutolewa bure mtandaoni, sura baada ya sura. Mwaka 2013 mwandishi akakichapisha mwenyewe, na mwaka 2015 shirika la Penguin likakichukua. Kitabu cha tatu kilitoka 2016. Kwa hivyo wasomaji ndio waliokibeba kabla ya wachapishaji.

Pili, hadithi. Falme mbili za kubuni, Akielos na Vere, ni mahasimu. Katika vita vya Marlas, Damen, mrithi wa Akielos, alimuua kaka yake Laurent, mwana wa mfalme wa Vere. Miaka sita baadaye, Damen anapinduliwa na ndugu yake wa baba mmoja, anatiwa minyororo na kupelekwa Vere kama mtumwa. Bwana wake ni Laurent. Akijulikana ni nani, hana maisha. Laurent naye anawindwa na ami yake, anayeshikilia utawala mpaka kijana afike umri.

Hapo ndipo penye mvuto. Kila mmoja ameumizwa zaidi na damu yake kuliko na adui. Sisi tunalijua hilo: Fumo Liyongo hakuuawa na majeshi ya Pate, aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kisha kuna deni la damu. Katika kisa cha kawaida wawili hutazamana wakapendana. Hapa kuaminiana kunalipiwa hatua kwa hatua, na kitabu cha kwanza kinakwisha bado wanachungana.

Nikamuuliza mpwa wangu, mbona wasichana ndio wanaovipenda sana vitabu hivi? Akaniambia, "Mjomba, kwenye hadithi nyingine msichana hungoja kuokolewa. Hapa wote wawili wana upanga." Jibu hilo lilininyamazisha. Alichokuwa akikitafuta ni usawa, nami nilikuwa nimedhani ni kitu kingine.

Lakini nina kisa na kitabu hiki, na si kile alichokitarajia. Ni utumwa. Nchini Vere watumwa na vijana wa starehe ni mapambo ya karamu, na wasomaji wengi huko ughaibuni wamelilalamikia hilo. Kweli Damen alikuwa na watumwa kwao, na minyororo ndiyo inayomfungua macho. Hata hivyo, mtu wa pwani hawezi kulisoma hilo kama mchezo. Frere Town pale Kisauni ilianzishwa mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Hapa pwani ya Kenya sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi 1907. Bado kuna nyumba ambamo nasaba huulizwa kwa kunong'ona wakati wa posa.

Nikamkumbusha Saada, kijakazi aliyempelekea Liyongo gerezani mkate uliofichwa tupa. Liyongo twamsifu kila leo. Saada naye, nani alimuuliza kama ataka uhuru wake? Tukazungumza mpaka adhana ya isha.

Wazazi wenzangu, kitabu hiki ni cha watu wazima. Kina dhuluma za kimwili na maonevu kwa vijana wadogo, na mtoto hafai kukisoma. Lakini kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima, kumnyang'anya simu kutamfunza kuificha tu. Muulize anasoma nini, na ukae usikilize jibu. Ukiwa na la kumwambia, atakusikiliza nawe.

Wallahu aalam.