Wapiganaji wa Zamani Wasipotezane

Juma hili nataka tuwazungumzie wazee wetu waliopigana vita dhidi ya Idi Amin. Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu hadi mto Kagera. Pamoja na askari wa JWTZ, mgambo waliitwa kwa maelfu kutoka mikoani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, 1979.

Vita vilipokwisha, askari wa kudumu alirudi kambini kwa wenzake. Mgambo wengi walirudi kijijini kushika jembe. Waliolala handaki moja wakatawanyika, huyu Mtwara, yule Mara. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 65.

Kwa nini wasipotezane? Kwanza, mwenzako wa kikosi ndiye shahidi wako. Karatasi huliwa na mchwa, lakini yeye anajua ulikuwa wapi, na nani alianguka wapi. Pili, yapo mambo ambayo mzee hawezi kumsimulia mkewe wala wanawe. Kwa mwenzake, neno moja latosha. Tatu, asiyejulikana alipo hufa kimya, na wenziwe husikia msiba baada ya arobaini.

Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa, wakiwemo waliozikwa Kaboya. Ni vyema. Lakini nawaomba vijana msingoje Julai. Mwulizeni babu majina ya wenzake na vijiji vyao, yaandikeni, kisha mtafutieni japo mmoja kwa simu. Walikwenda pamoja, wasiachwe kuzeeka kila mtu peke yake.