Utafiti Umesema, Ila Kuhusu Mtoto Yupi?

"Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu imempoa, akimiminiwa dripu ya haraka ataokoka." SI KWELI, ingawa madaktari wengi waliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa kufuata miongozo ya nchi tajiri. Mwaka 2011, daktari mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 walishiriki, wengi wao wakiwa na malaria na upungufu wa damu. Kati ya kila 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya kila 100 wa kundi jingine, ambao hawakumiminiwa kwa kasi, walifariki 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

"Basi dripu ni hatari, mzazi aikatae." SI KWELI, na uvumi huu unanitia hofu kuliko wote. Hata kundi lile jingine lilipewa maji, ila taratibu. Tena watoto wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kabisa, kwa hiyo matokeo yale hayawahusu. Mtoto wa kipindupindu aliyebonyea macho anaweza kufa kwa kukosa maji hayohayo.

"Daktari mzoefu hahitaji takwimu, macho yake yanatosha." SI KWELI. Katika utafiti huohuo, waliomiminiwa maji kwa kasi ndio walioonekana kupata nafuu zaidi saa ya kwanza. Vifo vilikuja baadaye. Ni nani angeliona hilo akiwa amesimama kando ya kitanda kimoja?

"Matokeo ya wengi ndiyo ya kila mmoja." SI KWELI. Takriban 89 kati ya kila 100 waliomiminiwa maji kwa kasi walikuwa hai baada ya saa 48, na hakuna hesabu inayoweza kumtaja nani kati yao angepona hata bila maji yale.

"Maelezo ya mzazi yanaweza kubadilisha matibabu." KWELI. Ufikapo hospitali, usingoje kuulizwa. Sema homa ilianza lini, ameharisha mara ngapi, amekojoa lini mara ya mwisho, na kama aliwahi kuongezewa damu.