Paa Linapovuja, Mpangaji Ashike Wapi?

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam, familia nyingi za wapangaji hazilali. Ndoo huwekwa chini ya bati lililotoboka, godoro husogezwa pembeni, na mtoto hupakatwa hadi alfajiri. Kukicha, mpangaji humwendea mwenye nyumba na kupewa jibu lile lile la mwaka jana: "Vumilia kidogo, mwanangu, mwisho wa mwezi nitaleta fundi." Mwisho wa mwezi hufika, fundi hafiki.

Uzembe huu una mzizi wake. Katika miji yetu, mpangaji aghalabu hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajaingiza hata kitanda. Fedha zikishapokelewa, mwenye nyumba hana haraka. Mpangaji naye, akikumbuka malipo ya dalali na gharama za kuhama, huamua kunyamaza.

Wako pia wanaoamini kwamba mpangaji hana tena sheria ya kumlinda. Imani hiyo ilipata nguvu baada ya ile Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 kufutwa mwaka 2005. Lakini wajibu wa matengenezo haukuzikwa pamoja nayo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inazihesabu ahadi fulani kuwa zimo katika upangaji hata kama hazikutamkwa. Anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba mahali hapo panafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na kwamba pataendelea kufaa muda wote wa upangaji. Tena, akipangisha sehemu tu ya jengo, ni juu yake kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu ya maji machafu.

Ndugu msomaji, zitazame nyumba zetu za Kiswahili za Magomeni au Temeke: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Kila familia imepanga chumba chake. Hakuna hata mmoja aliyepanga paa. Iweje basi bati likioza aambiwe ajinunulie?

Mpangaji naye ana wajibu wake. Alipe kodi kwa wakati na akitunze chumba. Kioo alichokivunja mwenyewe asimtwishe mwenye nyumba.

Je, mwenye nyumba akizidi kupiga kalenda? Kwanza, mpangaji aandike barua yenye tarehe, aeleze kasoro moja moja, na abaki na nakala. Upangaji wa mdomo usiozidi mwaka mmoja hutambuliwa kisheria, lakini maneno matupu ni taabu kuyathibitisha. Kwa hiyo kila stakabadhi ya kodi na ihifadhiwe. Wanaokaa nyumba moja ni heri waandike kwa pamoja. Asizuie kodi kwa hasira, maana huenda aliyekuwa mdai akajikuta mdaiwa.

Barua isipojibiwa, mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa aweza kuwakutanisha wawili hao. Ikishindikana, liko Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Suluhu ikikosekana huko, shauri hupelekwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo ndipo ile nakala ya barua itakapoonyesha thamani yake.

Wenye nyumba nao wasidhani kwamba kuchelewa ni kuokoa fedha. Bati moja lililopuuzwa huozesha mbao, maji hulainisha ukuta, na gharama huongezeka kila masika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta waweza kujengwa tena. Lakini afya ya mtoto aliyelala katika unyevu miezi mitatu, ni fundi gani atakayeitengeneza?