Mbwa anaishi kwako, watoto ni wa mwenzako: mkataba mmoja wa Olmotonyi

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu hapa Olmotonyi, kwenye njia ya kupanda msituni, alifuatwa na mfugaji wa mbwa kutoka mjini Arusha. Pendekezo lilikuwa hivi: chukua jike wa German Shepherd, ana miezi minane, uishi naye kama mbwa wako. Chakula utatoa wewe. Chanjo na daktari nitalipa mimi. Akikomaa nitampandisha kwa dume nitakayemchagua, akikaribia kuzaa nitamrudisha bandani kwangu, watoto nitauza. Akishazaa mara tatu anakuwa wako moja kwa moja.

Mama akaniita. "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya wanyama? Huyu ananisaidia, au nafugishwa bure?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa refu na halikueleweka. Hili ni jaribio la pili.

Kwanza, jambo lenyewe si geni kama linavyosikika. Kule Kilimanjaro, Wachaga waliwekeshana ng'ombe kwa vizazi vingi: mwenye mali anabaki na ng'ombe na ndama, anayemtunza anapata maziwa na mbolea. Kesi za nani alikuwa na deni la ndama gani ziliweza kudumu hadi kizazi cha watoto na wajukuu. Na wengi wetu tumesikia mpango wa Heifer International wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo familia inapewa mtamba na inalipa kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Uingereza, shirika la Guide Dogs linawaweka majike wake wa kuzalisha mbwa waongoza vipofu majumbani kwa watu wanaojitolea, badala ya kuwajaza kwenye mabanda.

Lakini angalia tofauti. Ng'ombe anakulipa kila asubuhi kwenye ndoo. Mbwa hana maziwa ya kukupa. Kwa hiyo inabidi tujiulize kazi halisi iko wapi, na hapo ndipo baiolojia inasaidia. Mkataba wa yule mfugaji ulihesabu ugali, chanjo na daktari. Vipindi viwili vizito kuliko vyote haukuvigusa kabisa.

Kipindi cha kwanza ni joto. Mbwa jike huingia kwenye joto takriban kila miezi sita au saba, na kila mara hukaa humo kama wiki tatu. Siku za mwanzo anatoka damu na anawakataa madume, ingawa harufu yake tayari inawaita. Baadaye anawakubali, na hapo si suala la kumfunga kamba tu. Madume wa Olmotonyi wanatembea watakavyo, na uzio wa michongoma haujawahi kumzuia dume aliyedhamiria. Jike mwenyewe pia atatafuta njia.

Sasa, kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Yai la mbwa likitoka linakuwa bado bichi. Linahitaji kama siku mbili ndipo liweze kurutubishwa. Mbegu za dume nazo zinaweza kuishi ndani ya jike karibu wiki nzima. Maana yake, jike akipandwa Jumatatu na dume wa mfugaji, kisha Jumatano usiku akachomoka na kukutana na mbwa wa kienyeji, wote wawili wanaweza kuwa baba. Uzao mmoja, baba wawili! Ukitazama rangi na masikio unaweza kukisia, lakini uhakika unatoka kwenye kipimo cha vinasaba. Hebu fikiria lawama zitakazomwangukia mama siku mteja akirudisha mtoto wa mbwa kwa mfugaji.

Kwa maoni yangu, wiki hizo tatu mbwa akae kwa mfugaji. Ana banda, ana kufuli, na hasara ikitokea ni yake.

Kipindi cha pili ni kinyume chake: hapo ndipo nyumba inalishinda banda. Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na wiki mbili hivi. Kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili au kumi na nne, ubongo wake uko wazi kujifunza nani ni wa kwao na kipi si cha kuogopa. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Science jaribio la kuwalea watoto wa mbwa bila kuwagusisha na binadamu. Waliokaa hivyo hadi wiki ya kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini. Kuwazoesha watu baadaye kulikuwa kugumu sana.

Dirisha hilohilo linatumika kwa makusudi mengine. Namibia, tangu 1994, Cheetah Conservation Fund imekuwa ikiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo dhidi ya duma na chui. Watoto hao wanakulia katikati ya mbuzi, ili mbuzi wawe ndugu zao. Mbwa wa aina hiyo wameletwa hata kwetu, kwa wafugaji wa Kibarabaig maeneo ya Ruaha.

Basi mteja wa mjini anayetaka mbwa wa nyumbani anahitaji mtoto aliyekulia kwenye kelele za sufuria, redio, watoto wa shule na bodaboda. Ukimrudisha mama yao bandani azalie huko, umeitupa faida kubwa ya kumweka kwa familia. Nilimwambia mama aombe mbwa azalie kwake, na kazi ya wiki zile ilipwe: mtoto mmoja katika kila uzao, au fedha.

Kuna tahadhari, tena kubwa. Dirisha hilo linafunguka kabla chanjo hazijakamilika. Mama aliyechanjwa vizuri huwapitishia watoto kingamwili, hasa kwenye dang'a, lakini kingamwili hizohizo zinaweza kuizuia chanjo ya parvo isishike, ndiyo maana daktari huirudia. Kwa hiyo wageni waje kwa watoto. Watoto wasipelekwe soko la Ngaramtoni. Kuhusu kichaa cha mbwa hakuna mjadala: makadirio yaliyochapishwa 2002 yalisema kinaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kadi ya chanjo ya jike ikae kwa mama, si mjini.

Mpaka naandika, mkataba haujasainiwa. Mfugaji amekubali kumchukua jike wakati wa joto. Kuhusu mtoto mmoja kwa kila uzao anasema atafikiri. Mama naye ameongeza sharti kwa kalamu yake: baada ya uzao wa tatu mfugaji alipe gharama za kumfunga kizazi, na mbwa asiondoke pale hata akiwa mgonjwa. Anataka mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Jina la mbwa ameshalichagua.