Pua juu, mipira inaisha: tuangalie mbele ya Hilux zetu

Asubuhi mapema mu barabara ya Goma kwenda Sake, utaziona. Hilux za zamani, pua juu, nyuma zimelala chini ya mzigo. Kuko magunia, bidoni, na juu ya magunia kuko watu: wachimbaji wanaorudi ku karieri za Masisi, mama wa biashara, mara ingine mtoto anayepelekwa kwa nyanya yake. Shofere anashika volan kwa mikono mbili. Anairudisha kushoto, anairudisha kulia, na njia imenyooka. Abiria wanasema: «Huyu amezoea.» Hapana, wandugu. Hapo gari njo inamwendesha.

Juu ya nini tunainua gari? Sababu iko wazi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, na watu wakajenga tena nyumba na njia juu yake. Ukitoka Sake kupanda Masisi, mvua ikinyesha, ni matope na mashimo. Mchimbaji akipata pesa kidogo ananunua gari ya okazi, kisha anamwambia fundi: «Niinulie mbele.» Hakuna ubaya kuinua. Ubaya ni kuinua, kulipa, na kuondoka bila mtu kupima kitu chochote.

Tuone kwanza ndani yake kuko nini. Hilux nyingi za 4x4 zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2004, zile ambazo magurudumu ya mbele yanacheza kila moja peke yake, haziko na resori ya kuzunguka pale mbele. Ziko na bari ya torsio: chuma kirefu, cha duara, kinacholala chini ya gari kufuata shasi. Upande mmoja kinashika mkono wa gurudumu, upande mwingine kinafungwa ku shasi na buloni kubwa. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, chuma kinajipinda, kisha kinarudi. Fundi akikaza ile buloni, pua inapanda. Ni kazi ya dakika chache, na njo maana kila mtu anaifanya.

Lakini kukaza buloni hakuongezi nguvu ya bari. Bari inabaki ile ile. Kinachobadilika ni mahali gurudumu linasimama. Mikono inaelekea chini, na nafasi ya gurudumu kushuka ndani ya shimo inakuwa fupi. Unasikia «ko! ko!» mbele: ni mkono unagonga kizuizi chake. Rotuli zinafanya kazi zikiwa zimeinama kupita kiasi. Sufle za kardani zinapasuka, vumbi na matope vinaingia. Na gurudumu haliangalii tena mahali fabriki iliweka: juu yake linalala nje, mpira unakulwa upande mmoja. Mwenye gari analaumu mpira wa okazi, ananunua mwingine, nao unakwisha vilevile.

Kuko mfano mzuri ambao hautoki mbali. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, zilifundisha dunia nzima namna gari inavyovunjika mu njia mbaya. Porsche 911, gari ndogo ya michezo, ilikuja kule mara nyingi. Ile ya zamani nayo iko na bari ya torsio mbele, sawa na Hilux yetu. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 zilizoinuliwa sana. Moja ilimaliza ya pili, nyuma ya Peugeot 504. Mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda mbio za Safari za magari ya zamani akiwa na 911. Wale watu hawakuinua tu wakaenda. Mu mbio kama zile, kila gari inaposimama kwa huduma mafundi wanaingia chini: wanashika rotuli, wanaangalia magurudumu, wanakaza, wanabadilisha. Gari ya mashindano inabeba watu wawili wenye kofia ngumu, na inaangaliwa kila siku. Hilux yetu inabeba watu kumi na tano bila mkanda, na inaangaliwa siku ikikatika.

Basi tufanye nini? Kazi nyingi ya kuangalia haiombi mashine. Inaomba kriki, viti vya chuma vya kushikilia shasi, kamba, misumari, chaki na metre. Usiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Anza gari ikiwa chini, mahali pa sawasawa, na mzigo wake wa kawaida. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa tole juu yake, kushoto na kulia. Kama kuko tofauti kubwa, buloni za bari hazikukazwa sawa, ao bari moja imechoka. Tazama pia alama: mara nyingi bari za torsio ziko na herufi, moja ya kushoto, moja ya kulia, kwa sababu fabriki ilizizoeza kujipinda upande mmoja. Fundi akizibadilisha, zinaweza kukatika. Bari iliyokwaruzwa sana na jiwe, usiiache. Ufa unaanziaka pale pale.

Kisha inua pua, magurudumu yaning'inie. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako aangalie: ni rulema ao ni rotuli? Shika kushoto na kulia, ulitikise tena. Likicheza, angalia rotuli za direksyo na mkono wa katikati. Weka chuma chini ya mpira, unyanyue pole pole, usikilize. Zungusha volan mpaka mwisho, pande zote mbili, ukitazama mipira ya freni. Hapa watu wengi wanasahau. Gari ikiinuliwa, mpira wa freni unabaki na urefu wa zamani. Gurudumu likishuka ndani ya shimo, mpira unavutwa. Siku moja unakatika, na siku hiyo uko mu mteremko.

Paralelisimu nayo unaweza kuipima mwenyewe. Zungusha kila gurudumu la mbele likiwa juu, ushikilie msumari ku mpira mpaka uchore mstari mwembamba. Shusha gari, isukume mbele metre mbili ao tatu ili ikae. Pima kati ya mistari miwili upande wa mbele, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Pima tena upande wa nyuma, urefu ule ule. Kwa kawaida mbele panakuwa padogo kuliko nyuma kwa milimita chache tu. Ukipata sentimita nzima, umejua mipira yako inaenda wapi.

Kusahihisha kuko na utaratibu wake, na ukiugeuza unapoteza pesa. Kwanza badilisha kilichochoka: rotuli, silenbloku, rulema. Hakuna anayepima vizuri juu ya pyesi inayocheza. Pili legeza bari, ushushe pua mpaka mikono ikaribie mahali pake, pande zote sawa. Utapoteza sentimita chache za urefu. Utapata gurudumu linaloshuka na kupanda. Tatu sahihisha kulala kwa gurudumu, ku buloni za mikono ya chini. Buloni za silenbloku, uzikaze gari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Njo mwisho paralelisimu, ukizungusha fimbo za kushoto na kulia sawa sawa ili volan ibaki katikati. Tembea pole pole, jaribu freni, rudi ukaze tena.

Na nyuma? Watu wanaongeza lamu nyuma ili gari ibebe zaidi, kisha mzigo unazidi na pua inapanda tena. Magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Volan inakuwa rahisi kama toyi, freni za mbele hazishiki vizuri, taa zinaangaza miti. Hakuna fundi wa mbele anayeweza kusahihisha tani moja iliyozidi nyuma.

Neno moja juu ya soude. Fimbo ya direksyo, mkono wa rotuli na bari ya torsio havichomwi soude. Moto unaharibu ugumu wa chuma kile. Kinaonekana kizima, kinashika wiki moja ao mwezi, kisha kinakatika bila kuuliza. Pyesi ya okazi iliyo nzima ni bora kuliko pyesi yako iliyochomwa.

Ninyi mnaopanda tu, ba mama na vijana wa karieri, nanyi muko na macho. Kabla ya kupanda, tazameni mipira ya mbele: imekulwa upande mmoja? Tazameni kama gurudumu moja limelala kuliko lingine. Mukiwa njiani, sikieni kama volan inatetemeka na pua inagonga. Mwambieni shofere kwa heshima: «Papa, mbele iko inacheza, tufikishe pole.» Shofere mzuri hatakasirika.

Mwenye gari, siku ya kupima inakupotezea safari moja. Wale wanaokaa juu ya magunia yako, kila mmoja kuko mtu anamngojea, Rubaya ao Goma.