Shule Iliyompokea Mama Pamoja na Mtoto

Somo: Mwanzo 21:8–21

 Popote mlipo asubuhi hii, iwe ni jikoni mkichemsha chai au njiani mkienda kazini, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo tunataka kuzungumza juu ya shule moja katika nchi jirani ya Uganda. Mtu akivuka mpaka pale Malaba, akapita Tororo, Mbale, Soroti na Lira, kisha akaendelea kuelekea kaskazini, atafika mji mdogo wa Pader katika nchi ya Waacholi. Huko ndiko ilikoanzishwa shule ya wasichana iitwayo Pader Girls' Academy. Mwanzilishi wake ni mama Mwacholi, Alice Achan, aliyeifanya kazi hiyo kupitia shirika la Kikristo liitwalo Christian Counselling Fellowship, kwa msaada wa michango ya wahisani. Shule za wasichana ni nyingi, nasi hapa kwetu tunazo. Lakini shule hiyo ilifanya jambo ambalo nyingine nyingi hazikuthubutu kulifanya. Ilimpokea msichana akiwa na mtoto wake mgongoni.

Huenda msikilizaji mmoja anasema moyoni, "Je, hilo nalo ni jambo la kutangazwa redioni?" Ndugu yetu, subiri kidogo. Ili tuone ukubwa wake, yatupasa kwanza kujua vita viliwafanyia nini watoto wa nchi ile.

Kuanzia mwaka 1987 Joseph Kony aliongoza kikundi cha waasi ambacho baadaye kilijulikana kama Lord's Resistance Army, maana yake Jeshi la Upinzani la Bwana. Walilitwaa jina la Bwana, lakini matendo yao yalikuwa ya yule mwivi ambaye haji ila aibe na kuua. Walipokosa watu wa kujiunga nao kwa hiari, walianza kuwateka watoto. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watoto waliotekwa katika vita vile walikuwa zaidi ya 20,000. Wavulana walipewa bunduki. Wasichana walibebeshwa mizigo, kisha wakagawiwa makamanda kama wake, na wengi wao walizaa huko msituni hali wao wenyewe bado ni watoto.

Shule, ambayo ilipaswa kuwa mahali pa usalama, ikageuka kuwa mahali pa hatari, maana waasi walijua kwamba huko ndiko watoto walikokusanyika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waliivamia shule ya wasichana ya St. Mary's huko Aboke, wakawachukua wasichana 139. Naibu wa mwalimu mkuu, mtawa Rachele Fassera, aliwafuata waasi porini pamoja na mwalimu mwenzake, akawasihi wamrudishie watoto wake. Walimrudishia 109. Wale 30 waliobaki walikwenda nao.

Tena yuko mtu mmoja, Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, siku moja alipokuwa njiani kwenda shule. Kamwe hakufika darasani siku ile. Alikulia msituni mpaka akawa kamanda, naye akawatenda watoto wa wengine yale aliyotendwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimhukumu kifungo cha miaka 25, na miongoni mwa makosa yake lilikuwa ni kuwalazimisha wasichana kuwa wake na kubeba mimba. Hebu tufikiri, wapendwa. Mtoto aliyekuwa akienda shule akanyang'anywa njia, na mwisho wake ni huo.

Watu waliobaki vijijini nao hawakupona. Kuanzia mwaka 1996 serikali iliwaamuru wahamie katika kambi, na kufikia mwaka 2005 waliokuwa wamehama makwao walikuwa karibu milioni 1.8. Maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini hadi miji ya Gulu na Kitgum, wakalala barazani, makanisani na katika kituo cha mabasi, kisha alfajiri wakarudi. Mnamo Juni 2003 viongozi wa dini, Wakristo wa madhehebu mbalimbali pamoja na Waislamu, walikwenda kulala nje pamoja na watoto hao mjini Gulu kwa usiku kadhaa, ili ulimwengu upate kuona. Tunamshukuru Mungu kwa wachungaji wa namna hiyo.

Tarehe 26 Agosti 2006 ulitiwa sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano, na watu wakaanza kurudi makwao. Bunduki zilinyamaza upande ule. Lakini msichana aliyetekwa akiwa darasa la nne, akarudi akiwa na miaka kumi na minane na mtoto, alirudi nyumbani gani? Na shule gani ingemtaka?

Msichana wa namna hiyo alikuwa na vizuizi vitatu mbele yake.

Kwanza, umri. Aliacha masomo akiwa mdogo, na alichojifunza amekisahau. Ukimrudisha darasa la nne, ataketi na watoto wanaomfika kiunoni, nao watamcheka. Ukimpeleka darasa la rika lake, hataelewa neno. Kwa sababu hiyo, mahali pengi palipopigwa na vita walimu wameanzisha mafunzo ya haraka, ambayo masomo ya miaka miwili au mitatu hufupishwa yakawa ya mwaka mmoja, yakibakizwa yale ya lazima. Mtu mzima akitulia hujifunza upesi kuliko mtoto. Shida ni hilo neno "akitulia".

Pili, moyo uliojeruhiwa. Mtoto aliyeona mauaji hushtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Usiku haupati usingizi, na mchana husinzia darasani, naye mwalimu asiyejua humwita mvivu. Pengine hukasirika ghafula, pengine hunyamaza siku nzima. Mtoto huyu hahitaji kiboko. Anahitaji ratiba isiyobadilika, chakula kwa wakati wake, mwalimu yule yule kila siku, na mtu mzima wa kumsikiliza pasipo kumhukumu. Ndiyo maana shule ya watoto wa vita isiyo na mshauri ni kama zahanati isiyo na dawa.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ni mtoto aliyembeba. Majirani walimwita mke wa mwasi, na mtoto wake wakamwita mtoto wa msituni. Kwa desturi ya Waacholi mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na shamba hupatikana kupitia kwa baba. Basi mtoto ambaye baba yake hajulikani, au ni mtu ambaye hakuna anayetaka kumtaja jina, atalima wapi? Mama yake hana mume, hana shamba, hana elimu. Akitaka kusoma, shule yamwambia, "Njoo wewe, lakini mtoto umwache." Amwache kwa nani? Wazazi wengine walikufa. Wengine wapo, lakini hawataki kumwona yule mtoto.

Wapendwa, hapa yatupasa kusema jambo ambalo si rahisi kwetu kulisema. Miaka iliyopita tulikuwa wajumbe katika halmashauri ya shule moja hapa kwetu Kenya. Hapakuwa na vita wala waasi. Siku moja mama mmoja alikuja na binti yake aliyekuwa amezaa, akaomba binti arudi darasani apate kuufanya mtihani wake. Kibali cha msichana kurudi shuleni baada ya kuzaa kilikuwapo, maana serikali yetu ilikitoa tangu mwaka 1994. Tulilijua hilo. Hata hivyo tulikaa, tukazungumza, tukasema kwamba atawaharibu wengine. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Nasi, tuliovaa kola ya uchungaji, hatukuwa na neno. Mama alisema, "Asante, wazee," akamshika binti mkono wakaondoka. Miaka mingi imepita, na ile "asante" yake hatujaisahau. Hatukumteka yule msichana, la. Lakini tulimfungia njia ya shule.

Ndiyo sababu habari za Pader zilitugusa. Wale waliuliza swali tofauti. Hawakuuliza, "Msichana huyu anastahili kuingia?" Waliuliza, "Ni nini kinachomzuia asiingie?" Walipoona kwamba kinachomzuia ni mtoto, wakatengeneza mahali pa mtoto. Watoto wachanga walilelewa pale pale shuleni huku mama zao wakiwa darasani. Kengele ya mapumziko ikilia, mama huenda kumnyonyesha, kisha hurudi kwenye hesabu zake. Pamoja na masomo ya kawaida yalikuwapo mafunzo ya ufundi, ili atakayetoka aweze kujilisha yeye na mwanawe. Nao wasichana waliozaa kambini walipokewa pamoja na wale waliotoka msituni.

Tazama sasa somo letu. Hajiri alifukuzwa, akapewa mkate na kiriba cha maji, akatangatanga jangwani na mwanawe. Maji yalipokwisha alimweka kijana chini ya kijiti, akaenda akaketi mbali, kwa kuwa hakuweza kumtazama akifa. Ndipo Mungu alipoisikia sauti ya kijana pale pale alipokuwa. Angalieni Mungu alimwambia nini yule mama. Hakumwambia, "Mwache mtoto, njoo kisimani peke yako." Alimwagiza amwinue kijana na kumshika mkono, kisha akamfumbua macho akakiona kisima cha maji. Msaada wa Mungu ulimfikia mama na mtoto pamoja. Akatazama mahitaji yao, wala hakuuliza mtoto alizaliwaje.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, hayo ni ya wahisani wenye fedha nyingi." Ni kweli kwamba shule kama hiyo haiendeshwi kwa karo za wazazi, maana wazazi hawana. Fedha za wahisani hulipa mishahara ya walimu, chakula, vitabu, sare, na mshahara wa mama anayewatunza watoto wachanga. Huyo wa mwisho ndiye watu humsahau katika hesabu zao, na bila yeye darasa halina wanafunzi. Lakini yako mambo mawili ambayo yafaa tuyajue kuhusu misaada. La kwanza, misaada hufuata habari. Vita vinapotangazwa, magari ya mashirika hujaa barabarani. Vita vikikoma, mengi huondoka, na huo ndio wakati mtoto anapoanza kusoma. Mtoto huhitaji miaka saba, minane, kumi. La pili, aliyeanzisha shule ile hakutoka mbali. Ni binti wa nchi ile ile, ambaye vita vilimpitia yeye pia. Wageni walichangia, lakini aliyeufungua mlango ni mwenyeji.

Waacholi wanayo desturi moja. Mtu akirudi nyumbani baada ya kukaa mbali katika mambo mabaya, kabla ya kuingia hukanyaga yai lililowekwa mlangoni, na watu wa nyumbani wakiwa wamekusanyika kumpokea. Wengi waliotoka msituni walipokewa hivyo. Maana yake ni kwamba wenyeji wametoka nje kumngojea. Hawakungoja abishe hodi. Sisi Wakristo tunamjua Baba aliyemwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia.

Basi, tufanye nini? Katika ushirika wako yuko msichana aliyeacha shule. Labda alikimbia machafuko, labda karo ilikwisha, labda alizaa. Unamjua kwa jina. Usianze kwa kumhubiria. Nenda nyumbani kwao, uulize, "Ni nini kinachokuzuia?" Kisha usikilize jibu. Huenda ni sare. Huenda ni nauli. Huenda ni mtu wa kumshikia mtoto kuanzia saa mbili hadi saa tisa, na akina mama wa kanisa wapo, wanaweza kupeana zamu. Na wewe uliye katika halmashauri ya shule, siku mwenyekiti atakapouliza kama kuna mwenye neno, uwe na neno.

Tuombe. Ee Mungu uliyemsikia mtoto wa Hajiri jangwani, uwakumbuke watoto walionyang'anywa shule na vita, kwa jirani zetu na kwetu. Uwatie nguvu wanaowafundisha na wanaowalea. Utusamehe milango tuliyoifunga kwa kunyamaza, utufumbue macho tukione kisima kilicho karibu nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi tutakapokutana tena juma lijalo, Bwana awabariki na kuwalinda.